Kuseti shokapu ya nyuma ya baiskeli ya milimani kwa mwendeshaji mzito

Nina kilo 112. Nikishavaa helmeti, viatu, kinga za magoti na begi la maji, mizani inasoma 119, na hiyo 119 ndiyo namba ya kufanyia kazi, maana shokapu haijui kipi ni mwili na kipi ni maji. Majedwali ya kuseti yanayobandikwa kwenye fremu mara nyingi huishia kabla hayajamfikia mtu wa saizi yangu, na shokapu yenyewe hutoka kiwandani ikiwa imepangwa ndani kwa ajili ya mtu wa uzito wa kati. Kwa hiyo sisi wazito hatuwezi kufuata jedwali tukamaliza. Lazima tujue kila kitu kina kazi gani ndipo tukiguse.

Shika hili kabla ya yote: uzito hubebwa na springi, iwe ya hewa au ya chuma. Nobu za ribaundi (kurudi) na kompresheni (kushuka) hazibebi uzito. Kazi yake ni kuamua shokapu ishuke na kurudi kwa kasi gani, basi. Waendeshaji wengi wazito wakiona baiskeli inazama hukaza kompresheni hadi mwisho, wakaishia na baiskeli inayozama vilevile ila sasa inawapiga mikono na mgongo kwenye kila jiwe. Anza na springi, malizia na nobu, wala usiruke hatua.

Kabla ya kushika pampu

Soma kikomo cha uzito cha fremu. Ratili 300, yaani kilo 136, utaikuta kwa watengenezaji wengi, lakini angalia kama wanamaanisha mwendeshaji peke yake au mwendeshaji pamoja na baiskeli na mizigo. Hapo katikati kuna kilo 15 au zaidi. Kisha tafuta kikomo cha hewa cha shokapu yenyewe. Nyingi huishia kati ya psi (ratili kwa inchi ya mraba) 300 na 350, na namba hiyo imeandikwa kwenye mwili wa shokapu au kwenye kitabu chake. Usikivuke hata kidogo. Ukiona unakikaribia na baiskeli bado inazama, tatizo si hewa, na nitalieleza hapo chini.

Pampu iwe ya shokapu. Ya tairi haifai: haina nguvu ya kufika huko, na hupoteza hewa nyingi ukiichomoa. Mimi naendesha psi 285 nyuma, karibu mara kumi ya hewa iliyomo kwenye tairi langu. Pampu ambayo geji yake inaishia 300 itakuwa inafanya kazi ukingoni kila siku, kwa hiyo tafuta inayofika 350 na kuendelea.

Tairi nalo lipate hewa yake kwanza. Tairi laini chini ya mtu mzito hujikunja kwenye kona na kukudanganya kwamba shokapu ndiyo inayoyumba. Mimi bila tyubu natia psi 30 nyuma, ndipo naanza kazi.

Halafu kuna ukaguzi mmoja ambao wengi hawaufanyi. Simama pembeni ya baiskeli, weka kidole cha shahada pale shokapu inapokutana na fremu, nusu ya kidole ikae juu ya kichwa cha bolti na nusu juu ya fremu. Kwa mkono mwingine inua siti taratibu kwa milimita chache, gurudumu lisiondoke ardhini, kisha iachie. Rudia mara kadhaa. Kama bushi, yaani pete iliyo ndani ya tundu la bolti, imeisha, utasikia "tok" ndogo kwenye ngozi ya kidole hata kabla sikio halijaisikia. Hamia kiungo kinachofuata, hadi umalize vyote. Uzito wetu hula bushi na beringi mapema kuliko wa wenzetu, na kuseti shokapu iliyolegea kwenye bolti zake ni kupoteza siku. Badilisha bushi, kaza bolti kwa spana ya toki kwa kiwango kilichoandikwa, ndipo uendelee.

Wenzo wa fremu

Hapa ndipo mtu mzito anapopaswa kutulia na kuelewa, kwa sababu ndipo baiskeli mbili zenye shokapu ileile zinapotofautiana kama mbingu na ardhi.

Gurudumu la nyuma la baiskeli yangu husafiri milimita 150. Shafti ya shokapu, yaani fimbo inayoingia na kutoka kwenye mwili wake, husafiri 55 tu. Gawanya 150 kwa 55 upate 2.7 na kidogo, na huo ndio uwiano wa wenzo. Maana yake fremu inaikandamiza shokapu kama mtu anayeng'oa jiwe kwa mtaimbo: upande mrefu unakwenda mbali, upande mfupi unakwenda kidogo lakini kwa nguvu iliyozidishwa. Ikiwa gurudumu la nyuma linabeba kilo 75, shokapu inapokea kilo 205 hivi. Kwenye fremu yenye uwiano wa 3.1, kilo 75 zilezile zinafika kwenye shokapu zikiwa zaidi ya 230. Uwiano huu hubadilika kidogo kadiri gurudumu linavyopanda, lakini wastani unatosha kukupa picha.

Kwa hiyo ukiwa bado hujanunua fremu, na una zaidi ya kilo 100, angalia uwiano huu kabla ya rangi. Mimi sichukui kitu kilichozidi 2.8. Shokapu yenye safari ndefu kwa gurudumu lenye safari ileile itafanya kazi kwa hewa ya chini, mpira wake wa ndani wa kuzuia hewa hautateseka sana, na nobu zitakuwa na nafasi ya kutosha. Ukiwa na fremu ya 3.1 tayari, usikate tamaa, ila ujue mapema kwamba huenda ukahitaji kufungua dampa, ile sehemu ya ndani yenye mafuta inayopunguza kasi ya shokapu.

Sagi

Sagi ni kiasi shokapu inachozama ukiwa umepanda umetulia. Hupimwa kwa asilimia ya safari ya shafti, si ya urefu wa shokapu nzima. Yangu imeandikwa 210x55: 210 ni kutoka tundu la bolti hadi tundu la bolti, 55 ndiyo safari. Asilimia 30 ya 55 ni milimita 16.5. Kwa baiskeli za njia za kawaida, lenga kati ya 25 na 30. Mimi nakaa kwenye 28, yaani milimita 15 na nusu hivi, na kwa mtu mzito ningeshauri usianze na 30 kamili, kwa sababu dampa ya kiwandani haitakusaidia sana kukuzuia usizame zaidi ukiwa kwenye mwendo.

Vaa kila kitu, jaza maji begini. Fungua kompresheni yote, swichi ya kupandia mlima iwe wazi. Mwite mtu asimame mbele, abane gurudumu la mbele katikati ya magoti na kushika hendeli. Ukijiegemeza ukutani kwa bega, ukuta unakubebea kilo kadhaa na kipimo kinakuwa cha uongo. Simama juu ya pedeli, magoti yamelegea, viganja kwenye hendeli, macho mbele, jinsi unavyosimama ukiteremka. Ruka ruka kidogo shokapu izinduke, kisha tulia kabisa. Msaidizi anyooshe mkono, asukume oringi ya mpira iliyo kwenye shafti hadi iguse mwili wa shokapu. Shuka taratibu, ukianza na mguu mmoja, bila kuidundisha baiskeli, maana kishindo kimoja kinaisogeza oringi na itabidi urudie. Pima umbali kwa rula.

Kama shafti haina oringi, pima kutoka katikati ya bolti hadi katikati ya bolti. Kwangu ni 210 bila mtu, na kwa asilimia 28 inatakiwa isome 194 na nusu.

Kutia hewa

Fox, watengenezaji wa shokapu, wanashauri kuanza na psi sawa na uzito wako kwa ratili, na mimi naona ni mwanzo mzuri: zidisha kilo kwa 2.2. Kwangu 119 inatoa 262. Fremu yangu ilitaka zaidi kidogo, nikatulia kwenye 285.

Usijaze yote kwa mkupuo. Ndani ya shokapu ya hewa kuna vyumba viwili: kimoja kinakubeba, kingine kinasukuma kinyume ili mwanzo wa safari uwe laini. Hewa huhama kutoka chumba kimoja kwenda kingine kupitia kijia kidogo kilicho karibu na mwanzo wa safari. Kwa hiyo tia 50, kisha kandamiza siti polepole mara kumi hivi, robo ya safari tu. Tia 50 nyingine, kandamiza tena. Mtu mwepesi anayeishia 150 anaweza kupuuza hili asione tofauti kubwa. Wewe unayekwenda 280 ukipuuza, utaanza safari na mwanzo mgumu kama jiwe, na baada ya mteremko wa kwanza hewa itakuwa imejisawazisha, sagi imeongezeka, na vipimo vyako vyote vimebatilika.

Mlio wa "fss" unaousikia ukichomoa pampu ni hewa ya mpira wa pampu, si ya shokapu. Na ukiirudisha pampu kukagua, geji itasoma chini kuliko ulivyoacha, kwa sababu mpira wa pampu umejazwa na hewa ya shokapu. Kwa presha kubwa na chumba kidogo upungufu huo unaonekana sana. Haivuji. Rudisha namba yako, chomoa, basi.

Ukirekebisha, songa kwa psi 10. Tano kwenye 285 ni chini ya asilimia mbili, hutaihisi.

Spesa

Utaambiwa na kila mtu kwamba mzito ajaze spesa za plastiki kwenye chumba cha hewa. Mimi siungi mkono jibu hilo likitolewa kwa pupa. Umbo la ugumu wa springi ya hewa, yaani inavyozidi kukaza kuelekea mwisho, linatokana na ukubwa wa chumba na kiasi kinachominywa. Ukiongeza presha, kila kitu kinapanda kwa uwiano uleule. Mtu wa kilo 70 na mimi, tukiwa na sagi ileile na spesa zilezile, tuna springi yenye umbo moja, yangu ikiwa na nguvu zaidi tu. Kwa hiyo uzito peke yake si sababu ya spesa.

Sababu hasa ni kwamba dampa haijapanda pamoja na springi. Kompresheni iliyopangwa kwa mtu wa kati inamzuia mzito kidogo mno, na hivyo anafika mwishoni kwa kasi kubwa. Spesa inamsubiri pale mwishoni. Kanuni yangu ni rahisi: sagi ikiwa sahihi na bado unagonga mwisho mara nyingi katika safari moja, ongeza spesa moja, jaribu tena. Kugonga mara moja kwenye mruko mkubwa kuliko yote ni sawa, ndiyo maana safari ipo. Oringi ikibaki na milimita 10 za safari zisizotumika kila siku hata kwenye njia ngumu, toa spesa.

Kabla ya kufungua chumba, toa hewa yote, polepole, huku ukikandamiza siti kidogo ili chumba cha pili nacho kimwage. Kisha kandamiza valvu tena kuhakikisha hakuna kilichobaki. Kifuniko kinachoachia kikiwa na psi 200 nyuma yake kinaweza kuvunja vidole au kutoboa jicho. Hapa hakuna haraka.

Ribaundi

Hii ndiyo nobu ninayoijali kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa zaidi na watu wazito. Mara nyingi huwa nyekundu, upande wa chini wa shokapu.

Tazama ilivyo. Springi ya hewa ya psi 285 inarudi kwa nguvu kubwa kuliko ya 180. Uzito ukizidi kwa nusu, springi lazima izidi kwa nusu ili sagi ibaki pale pale. Na ili baiskeli itulie vilevile, dampa nayo lazima izidi kwa nusu. Springi umeiongeza kwa pampu. Dampa haikuongezeka yenyewe. Usipoigusa ribaundi, shokapu itakurusha: unafika kwenye ukingo wa mruko, siti inapanda ghafla, uzito wote unahamia mikononi na gurudumu la mbele linashuka kwanza. Kwa mtu wa kilo 119, kuanguka kwa namna hiyo si jambo dogo.

Kaza nobu hadi mwisho kwa upole, halafu hesabu kliki ukifungua. Kila mara hesabu kutoka upande uliofungwa, ili namba yako iwe na maana kesho. Anza na kliki tatu. Nenda kwenye ukingo wa barabara wenye kimo cha kawaida, kaa kitini, teremka ukiwa umekaa. Siti inatakiwa izame, ipande kupita kidogo usawa wake, itulie. Ikipanda na kushuka mara ya pili, kaza kliki moja. Ikirudi kwa uvivu bila kupita usawa hata kidogo, fungua moja.

Baada ya hapo nenda kwenye mizizi au mawe yanayofuatana. Ribaundi iliyokazwa mno inajulikana hapo: pigo la kwanza linamezwa vizuri, la pili kidogo, la tatu ni gumu, na unahisi sehemu ya nyuma imeshuka na haipandi. Shokapu haijapata muda wa kurudi kabla jiwe jingine halijafika. Fungua kliki moja, rudia kipande kilekile cha njia kwa kasi ileile. Mimi naishia kliki nne. Nobu yangu ina kumi na nne, kwa hiyo niko kwenye theluthi ya upande uliofungwa, na hapo ndipo mtu mzito anapotarajiwa kuwa.

Fanya jaribio hili shokapu ikiwa imepata moto. Mafuta yakipata joto huwa mepesi na ribaundi inaharakika. Kliki nne za uani asubuhi zinaweza kuhisika kama sita mwishoni mwa mteremko mrefu. Ndiyo maana kwa watu wazito napendelea shokapu zenye chupa ya pembeni: zina mafuta mengi zaidi, na hazibadiliki tabia haraka.

Kompresheni, na siku nobu zinapoishia

Kompresheni iguswe mwisho. Kliki mbili tatu za kompresheni ya mwendo wa pole zinatosha kuzuia siti isiyumbe unapopiga pedeli au unapoingia kona. Ukijikuta unahitaji yote, rudi kwenye sagi.

Lakini kuna hali ambapo sagi ni sahihi, spesa ni sahihi, ribaundi imefungwa hadi mwisho na bado siti inakurusha. Au umefikia kikomo cha hewa na bado unazama. Hali ya pili inatatuliwa na fremu yenye uwiano mdogo, shokapu inayoruhusu presha kubwa zaidi, au springi ya chuma. Ya kwanza ni kazi ya fundi. Ndani ya dampa kuna pistoni yenye rundo la shimu, yaani washa za chuma nyembamba sana zinazojikunja kupisha mafuta. Fundi wa shokapu anaweza kuongeza unene au idadi yake, na nobu zako zikapata tena nafasi katikati. Baadhi ya shokapu hubandikwa herufi L, M au H kuonyesha ugumu wa dampa tangu kiwandani. Ukiona L na una kilo zaidi ya 100, usihangaike na nobu kwa wiki nzima. Mpelekee fundi, mwambie uzito wako na vifaa, uwiano wa fremu yako, presha na kliki unazotumia. Kwa mtu wa uzito wetu, hela ya kazi hiyo inafaa kuliko hela ya shokapu mpya.

Ukiamua springi ya chuma

Springi ya chuma haina mpira wa presha kubwa wa kuchakaa, na inashika njia vizuri mno. Hukaza kwa kiwango kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo fremu yenyewe ndiyo itakayokulinda usigonge mwisho. Fremu ambayo wenzo wake haupungui kadiri gurudumu linavyopanda haifai kwa mzito mwenye springi ya chuma.

Ugumu huandikwa kwa ratili kwa inchi, kama 550 au 600, na hupanda kwa hatua za 25 au 50. Angalia pia safari iliyoandikwa kwenye springi isiwe fupi kuliko ya shokapu, na kipenyo cha ndani kikubaliane na mwili wake. Kola ya kukazia ni ya kuishikilia springi isicheze. Mzunguko mmoja, miwili. Ukiizungusha zaidi ili kupata sagi, unaifanya ngumu mwanzoni na laini ileile katikati. Kama miwili haitoshi, nunua springi inayofuata.

Mbele, na matunzo

Nyuma ikishakaa sawa, rudi kwenye foku, yaani shokapu ya mbele, siku hiyohiyo. Ukiwa umeinua nyuma na foku bado laini, baiskeli imeinamia mbele na miteremko itatisha bila sababu. Sagi ya foku iwe asilimia 15 hadi 20. Kisha simama juu ya pedeli kwenye tambarare, kandamiza katikati kwa miguu: ncha zote mbili zishuke na kupanda pamoja.

Presha ya shokapu ikague kila wiki. RockShox, watengenezaji wengine wa shokapu, wanataka chumba cha hewa kisafishwe kila saa 50 za kuendesha na dampa kila saa 200. Kwa uzito wetu mimi sisubiri saa hizo ziishe. Futa shafti kwa kitambaa safi baada ya kila safari, kisha itazame kwenye mwanga. Utando mwembamba wa mafuta ni kawaida. Pete nene ya mafuta inayorudi kila siku, au oringi inayosogea milimita mbili zaidi asubuhi kwa presha uliyoiacha jana, ni mpira wa ndani unaoisha. Badilisha mpira kabla ya kugusa nobu yoyote.